Banda Lililohamishwa

Anayeingia bandari ya Grimsvik kutoka bahari kuu haangalii maji, anaangalia mlima. Mlima una pengo kileleni, kama mdomo uliong'olewa jino la mbele, na watu wanaliita Pengo, basi. Chini yake, ufukweni, kuna shamba la Neset, na Neset kuna banda la nyasi za ng'ombe ambalo ukuta wake wa mbele ni mwekundu tangu enzi za mababu. Nahodha akiuona ukuta huo umesimama sawasawa chini ya Pengo, anajua yuko katikati ya mlango. Akiiacha mashua iteleze upande wa kulia, Kikongwe anamsubiri.

Kikongwe ni mwamba. Ndani ya fyodi, huo mkono wa bahari uliopenya katikati ya milima kwa mwendo wa nusu siku, kina ni pima mia tatu. Meli inaweza kuzama, na nyingine ikazama juu yake, na maji yasijue. Lakini mlangoni, chini ya maji, kuna kizingiti cha mawe, na kizingiti kina upenyo mmoja tu. Kikongwe amekaa pembeni ya upenyo huo, kichwa chake kikionekana mara chache kwa mwaka, maji yanapokupwa sana. Nguzo tatu za chuma zilikwisha kusimikwa juu yake kwa nyakati tofauti, na dhoruba zikazichukua zote tatu. Watu wakaendelea kutegemea banda.

Mwenye banda alikuwa Borghild, mjane wa miaka hamsini na minane. Mwishoni mwa Septemba ya mwaka ule, mwaka wa sita tangu vita viishe, mlima ulimporomoshea mawe. Jiwe moja lenye ukubwa wa jiko la chuma lilipita karibu na kona ya banda, likavunja ua, likaishia majini. Borghild alilitazama lile shimo kwenye ua kwa siku mbili. Siku ya tatu alimwita fundi seremala kutoka ng'ambo ya fyodi. Wakalibomoa banda, wakalijenga upya hatua sitini kusini zaidi, mahali ambapo jabali linaukinga mgongo wake. Mbao nzuri zilitumika tena. Zile zilizooza miguuni ziliachwa juu ya msingi wa zamani, zingoje kuwa kuni.

Jengo lilipokwisha, Borghild alilipaka rangi ileile nyekundu. Banda lisilo na rangi lilionekana machoni pake kama mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso.

Anayegusa alama ya baharini ana wajibu wa kutangaza. Hilo hakuna aliyehitaji kumfundisha. Alimwandikia karani wa kanisa, na karani akasoma tangazo nje ya kanisa, juu ya kilima, Jumapili tatu mfululizo: banda la Neset limehama, ukuta mwekundu sasa uwekwe kulia kwa Pengo kwa upana wa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa. Wanaume walinyoosha mikono, wakafumba jicho moja, wakapima. Wengine walibishana kuhusu ngumi ya nani. Kufikia Krismasi hakukuwa na mtu wa Grimsvik asiyejua.

Isipokuwa wawili. Na hao walikuwa kaskazini kwenye uvuvi wa heringi tangu katikati ya Septemba.

*

Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa saba mchana, Borghild alikuwa dukani kwa Anfinn akinunua sukari. Duka la Anfinn ndilo lililokuwa na simu, kwa hiyo ndilo lililokuwa na habari zote. Anfinn alikuwa mzee mwenye nyonga mbovu. Mkewe, Lovise, ndiye aliyepanda ngazi kuchukua vitu vya juu na ndiye aliyesema yaliyopaswa kusemwa, na mengine pia.

"Sukari yote hiyo ya nini?" Lovise aliuliza akifunga pakiti. "Au unataka kumlainisha mtu?"

"Ya kahawa yangu. Mimi nimlainishe nani, mama?"

"Sijui. Yupo mmoja anakuja leo, na huyo hata pipa zima halitamtosha."

Borghild alijua anasemwa nani. Sjur, mdogo wake, hakuwa amesema naye neno kwa miaka sita. Baba yao, mzee Mons, alifariki majira yale vita vilipokwisha, Sjur akiwa baharini. Mzee alikuwa na mahali pake pa kuvulia, huko ndani ya fyodi, mahali ambapo kamba ikishuka haipandi bure. Mahali kama hapo hapaandikwi wala hapaonyeshwi. Panashikwa kwa alama mbili za nchi kavu, na alama hizo anaambiwa mtoto mmoja tu, mwishoni kabisa. Aliyekuwa kando ya kitanda alikuwa Borghild. Aliporudi, Sjur hakuuliza kwanza kaburi liko wapi. Aliuliza alama. Borghild akasema Baba alimkataza kuzitoa. Ilikuwa kweli, japo mzee alikuwa na homa na huenda hakujua anamkataza nani. "Basi hatuna la kuongea," Sjur alisema, na akalishika neno lake.

"Mlinzi wa mnara wa taa amepiga simu sasa hivi," Anfinn alisema kutoka nyuma ya mizani. "*Terna* imepita kwake saa sita na nusu. Imejaa vizuri, anasema. Upepo unawasukuma kwa nyuma. Saa nane watakuwa mlangoni."

"Na mimi nimeshaloweka nyama ya kondoo," Lovise alisema. Tarald, mwanawe, alikuwa msaidizi wa Sjur kwenye mashua yake, *Terna*. "Miezi minne amekula samaki, huyo. Atakuwa ameota magamba."

"Watashangaa kuliona banda," Anfinn alisema.

Borghild alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Alikiachia.

"Watashangaa vipi?"

"Si limehama?"

"Anfinn. Hamkumwandikia Tarald?"

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye.

"Tumeandika," Lovise alisema taratibu. "Nimeandika barua tano. Nimemwambia paka amezaa. Nimemwambia meno ya baba yake yametengenezwa. Habari ya banda... Banda ni lako, Borghild. Na nahodha ni ndugu yako. Nilijua wewe umeshamwandikia. Jambo kama hilo, hata watu wasiosemezana..."

"Mimi nilijua ninyi mmeandika."

"Tungeliingiliaje? Watu wangesema tunapeleka maneno katikati ya ndugu."

Anfinn alizima redio iliyokuwa ikinong'ona juu ya rafu. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Hapakuwa na muda. Lovise alikuwa mweupe mdomoni.

"Wana redio ya kusemea?" Borghild aliuliza.

"Ya kusikilizia tu. Hali ya hewa na ibada."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi.

*

Njia ya kutoka dukani hadi Neset ni robo saa kwa mtu mwenye magoti mazuri, na theluji ilikuwa imekanyagwa vizuri. Borghild alitembea mbele, akipiga hesabu kwa sauti ndogo, kama alivyofanya siku zote alipoogopa. Banda limesogea hatua sitini kwenda kusini. Pengo liko nyuma ya banda, mbali sawa na mlango wa bahari ulivyo mbele yake. Kwa hiyo mstari ukifika mlangoni umesogea mara mbili. Hatua sitini nchi kavu, mia na ishirini baharini. Na upenyo wote una upana wa hatua hamsini.

"Unasema nini?" Lovise aliuliza nyuma yake akihema.

"Nasema wanakuja moja kwa moja juu yake."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Barua alikuwa ameiandika. Tarehe nne Novemba alikaa mezani akaandika: *Sjur. Banda limehamishwa hatua sitini kusini. Mstari wa zamani sasa unapita juu ya Kikongwe.* Mpaka hapo ilikuwa rahisi. Kilichomshinda kilikuwa kuimaliza. Akiandika "dada yako," ingeonekana kama anaomba radhi. Akiandika "Borghild" tu, ingeonekana kama hati ya mahakama. Akaiweka nyuma ya saa ya mezani hadi kesho apate neno linalofaa. Kila alipotia saa ufunguo aliiona pembe ya bahasha, na kila mara alijiambia kwamba Lovise lazima ameshaandika.

Walipofika kwenye kilima cha mwisho, bahari ilionekana yote hadi mlangoni. Mashua haikuwapo bado. Magharibi, anga lilikuwa na rangi ya risasi, na kutoka huko pazia la theluji lilikuwa likija juu ya maji, bila haraka.

"Tuwashe moto?" Anfinn aliuliza alipowafikia, akiegemea fimbo. "Mahali pa zamani. Moto mkubwa."

"Moto atauelewaje? Atadhani tunachoma takataka." Borghild alikuwa akilitazama banda lake jipya. Lilikuwa zuri. Lilikuwa jekundu kuliko kitu kingine chochote kati ya mlima na maji. "Nahodha akiona alama, anakuja. Asipoiona, anapunguza mwendo. Kwanza tuufiche ukuta."

"Kwa kitu gani?"

"Tanga la Baba."

Tanga lilikuwa kwenye banda la mashua, limekunjwa juu ya boriti tangu mzee aache kusafiri nalo. Jeupe, halikuwahi kutiwa dawa ya magome ya miti kama matanga ya wengine, kwa sababu mzee Mons alisema tanga la kahawia linamfanya mtu aonekane ana deni. Waliliburura juu ya theluji hadi bandani. Borghild akaleta ngazi, nyundo, na kopo la misumari.

"Lovise, nenda kwenye msingi wa zamani. Zile mbao zilizooza, zisimamishe. Ziegemeze kwenye mawe, upande mwekundu uangalie bahari. Zote. Zibanane."

"Zitaanguka."

"Zikianguka, zisimamishe tena."

Lovise alikwenda akikimbia, sketi ameishika kwa mikono miwili.

Borghild alipanda. Anfinn alishika ngazi kwa chini, akisaidia kwa maneno zaidi kuliko kwa nguvu. Kona ya kwanza ya tanga ilikubali. Ya pili ilikuwa juu kabisa, karibu na ncha ya paa, na upepo ulikuwa umekwisha kuamka; ulilivuta tanga nje, ukalirudisha, ukampiga nalo usoni. Aliweka misumari minne mdomoni. Mmoja ulianguka.

"Chukua muda wako," Anfinn alisema.

"Nina muda gani?"

Mzee alitoa saa yake mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Kona ya tatu alipigilia misumari sita. Alipokuwa akishuka kuhamisha ngazi ndipo Lovise alipopiga kelele kutoka kwenye msingi. Alinyoosha mkono tu.

*Terna* ilikuwa imetokea mlangoni. Ilikuwa nyeusi na ndogo, imelala chini majini kwa uzito wa mzigo, na mawimbi yakiinyanyua kwa nyuma kama mtu anayemsukuma mwenzake aingie chumbani. Haikuyumba. Ilikuwa imeshika mstari wake. Borghild, akiwa katikati ya ngazi, aliweza kuuona mstari huo kama kamba iliyovutwa kutoka kwenye banda hadi kwenye omo, pua ya mashua. Ulikuwa umekwenda mno kushoto kwake, yaani mno kulia kwa anayeingia, na Sjur alikuwa akiufuata vizuri kabisa. Sjur alikuwa nahodha mwangalifu. Angekuwa mzembe, labda angekosea akapona.

Kona ya nne ya tanga ilikuwa bado inapigapiga. Kila ilipopaa, robo ya ukuta mwekundu ilionekana.

"Shika!" alimwambia Anfinn. Mzee aliacha ngazi na kuning'inia kwenye kona ile kwa uzito wake wote, nyonga mbovu na vyote. Borghild aliruka, theluji ikampokea hadi magotini, akaibana kona kwa bega, akapiga. Msumari ulipinda. Akapiga mwingine. Ukuta ukawa mweupe kama mlima, kama ardhi, kama kila kitu.

Aligeuka. Upande wa kaskazini, juu ya msingi wa zamani, kulikuwa na kitu chekundu. Kilikuwa kidogo, kimechakaa juu na chini, na Lovise alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameitandaza, akiegemeza mbao kwa kifua.

Ndipo pazia la theluji lilipofika, likafunga mlango wote wa bahari. Hapakuonekana tena mashua, mwamba, wala maji.

*

Walingoja. Borghild hakujua ni kwa muda gani. Anfinn alikuwa ameketi kwenye theluji, kofia imeanguka, na hakuiokota. Upepo ulileta sauti ya injini, kisha ukaiondoa. Kisha ukaleta sauti nyingine, fupi, nzito, kama mlango wa ghala unaofungwa mbali. Mzee alifumba macho.

Kisha injini ilisikika tena. Ilikuwa inakohoa, lakini ilikuwa inakwenda.

Theluji ilipopungua, *Terna* ilikuwa ndani ya kizingiti. Ilikuwa imelalia upande, na watu wawili walionekana nyuma: mmoja amesimama akiongoza kwa kasia refu mahali pa usukani, mwingine ameketi, mkono mmoja umening'inia. Haikuwa na nguvu za kufika Grimsvik. Ilikuja kwenye gati la Neset, kwa sababu hapakuwa na gati jingine karibu.

Lovise alikuwa wa kwanza majini, hadi kiunoni, kabla kamba haijafungwa.

"Mama, toka kwenye maji, una wazimu?" Tarald alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu na mtulinga wake, mfupa wa bega, ulikuwa umevunjika, hilo lilionekana hata chini ya koti.

"Usiniambie nitoke! Umekonda! Nani amekuvunja?"

"Winchi ya kuvutia nyavu. Tulipogonga."

Sjur alifunga kamba mwenyewe. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mfupi, mpole wa sauti kama baba yao. Alitazama gati, akatazama msingi na zile mbao, akatazama banda lililovikwa tanga. Hakumtazama Borghild. Alimgeukia Anfinn.

"Muulize mwenye banda," alisema, "banda limehama lini."

"Masikio anayo," Anfinn alisema. "Muulize mwenyewe. Mimi leo nimechoka kuwa posta."

"Oktoba," Borghild alisema.

Sjur aliendelea kuzungumza na Anfinn. "Mwambie nilikuwa nimeshika mstari sawasawa. Sawasawa kabisa. Kisha banda likazimika mbele ya macho yangu, kama taa. Nikarudisha injini nyuma. Nikadhani ni theluji, lakini Pengo lilikuwa linaonekana. Pengo lipo, banda halipo. Kisha Tarald akasema kuna wekundu mwingine, kule. Nikakata kushoto. Tumegusa kwa kisigino tu. Usukani umekwenda. Mwambie dakika moja zaidi, tungemkalia Kikongwe mapajani."

"Lilitangazwa kanisani," Borghild alisema. "Jumapili tatu."

Sasa alimtazama.

"Mimi ni kanisa?"

*

Jikoni Borghild alipasha maji na kumfunga Tarald mkono kwa shuka lililochanwa, kwa sababu daktari angefika kwa mashua yake jioni. Lovise alimvalisha mwanawe blanketi, akamvua, akamvalisha tena. Kahawa ilimiminwa. Sjur alibaki amesimama karibu na mlango, koti hajavua, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Miaka sita hakuwa amekanyaga sakafu ile, na macho yake yalikuwa yakipita juu ya vitu kimoja kimoja: kiti cha baba yao, ndoano ya kofia, saa.

Borghild aliona macho yakifika kwenye saa. Angeweza kunyamaza. Kila mtu chumbani alikuwa tayari kuamini kwamba watu watatu walidhaniana, na ilikuwa karibu kweli. Lovise alikuwa amekwisha kulisema hilo mara mbili: tumedhaniana, tumedhaniana tu.

Alikwenda kwenye saa, akatoa bahasha, akampa.

Sjur aliifungua. Aliisoma akiwa amesimama. Haikuwa ndefu. Aliisoma hadi mwisho, kisha macho yakapanda juu kabisa, pembeni, mahali pa tarehe, yakakaa huko.

"Tarehe nne Novemba," alisema.

Lovise aliacha kumkorogea mwanawe sukari. Anfinn alikitazama kikombe chake.

"Haina jina chini," Sjur alisema.

"Sikujua niweke lipi."

Alikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, ikawa ndogo kuliko stempu. Borghild alingoja apige kelele. Angependa apige kelele. Lakini Sjur hakuwahi kuwa mtu wa kelele, hata utotoni. Alikuwa mtu wa kutoka na kufunga mlango polepole.

"Nina jingine," Borghild alisema haraka, kabla hajashika kitasa. "Alama za Baba. Nakupa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Ya kwanza, mnara wa kanisa utokeze nusu nyuma ya rasi. Ya pili..." Akasita, kwa sababu hapo ndipo alipolisikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, kama mzee alivyolinong'ona. "Ya pili, kona ya juu ya ukuta mwekundu iguse mfereji wa maporomoko ya maji."

Tarald, ambaye alikuwa mvuvi na aliyaelewa mambo haya, aligeuza uso dirishani.

"Ukuta mwekundu," Sjur alisema. "Wa zamani."

"Wa zamani."

"Uliwahi kwenda? Tangu afe?"

"Sijawahi hata mara moja."

"Kwa hiyo ulizilinda miaka sita," Sjur alisema kwa sauti yake ndogo, "halafu ukaibomoa moja na kuijenga pengine, na hukukumbuka."

"Nilikuwa naogopa mawe."

Sjur alilifikiria hilo. Hata wakati ule, alilifikiria kwa haki. Borghild aliliona usoni pake. Kisha akavaa kofia, akamwambia Tarald kwamba atamletea sanduku lake kesho, akamshukuru Anfinn, akatoka. Mlango ulifungwa polepole.

*

*Terna* ilipandishwa juu ya mawe ya Neset kutengenezwa mkuku, ule mti wa chini unaoshika mbao zote, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuihamisha. Kila siku kwa wiki mbili Sjur alikuja na fundi, akafanya kazi ng'ambo ya ua, akala chakula chake ndani ya mashua. Borghild alipeleka kahawa kwenye gati kwenye birika lililofungwa kitambaa. Birika lilirudishwa tupu, limeoshwa. Maneno hayakurudishwa.

Wiki ya kwanza Borghild aliukwangua ukuta mpya na kuupaka lami hadi ukawa mweusi. Akaandika tangazo jingine kwa karani, kwamba banda si alama tena. Safari hii, kabla ya kulipeleka, alilisoma kwa sauti huku amesimama kando ya mashua, na kutoka ndani ya mashua kelele za nyundo zilinyamaza hadi alipomaliza. Kisha zikaendelea.

Zile mbao zilizooza hakuzifanya kuni. Alizipigilia pamoja, akazisimamisha juu ya msingi wa zamani, zikashikiliwa na nguzo mbili. Hazikuwa ukuta. Zilikuwa kama ukumbusho wa ukuta, na upepo wa mashariki ulipovuma zililala.

Asubuhi moja katikati ya Februari, akiwa anakamua ng'ombe wa mwisho, alisikia makasia. Alitoka na ndoo mkononi. Katikati ya fyodi, juu ya maji meusi yasiyo na mwisho wa kina, kulikuwa na mashua ndogo ya kuazima na mtu mmoja ndani. Alikuwa akipiga kasia kidogo, anasimama, anageuza kichwa kuelekea rasi na mnara wa kanisa, kisha anageuza kichwa upande wa Neset. Anapiga tena kidogo. Anasimama tena. Alitupa kamba, akangoja, akaivuta. Tupu. Akasogea.

Borghild alitazama msingi. Usiku upepo ulikuwa wa mashariki, na mbao zilikuwa zimelala upande mmoja. Kona ya juu ilikuwa imeinama kwa kiasi cha mkono mzima. Mkono mzima hapa, na huko maji yanakuwa mengine kabisa.

Aliweka ndoo chini. Alivuka theluji hadi kwenye msingi, akaingiza bega chini ya mbao, akazinyanyua hadi zikasimama wima. Nguzo haikushika. Kwa hiyo alibaki pale, mgongo ameubana kwenye mbao, uso umeelekea mlima ulioyaangusha mawe, hawezi kuiona bahari wala aliyekuwamo.

Aliweza kusikia tu. Kasia liligusa maji. Likanyamaza. Likagusa tena, mara moja, upande mmoja, kama mtu anayerekebisha kidogo sana. Kisha kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho, sauti ya kamba ikikimbia juu ya ubao wa mashua, ikishuka, ikishuka.

Maziwa kwenye ndoo yalianza kushika barafu pembezoni. Borghild alikaza miguu kwenye theluji na hakusogea.